Presha ya oili iko chini kwenye gari la turbo ulilolijenga mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu aliyechukua injini, akaifunga turbo kwa mikono yake, akaipigia mabomba na mabano yake mwenyewe, kisha siku moja akaona mshale wa geji ya oili unalala pale ambapo jana ulikuwa umesimama. Gari la kiwandani lina kitabu chake. La kwako halina, kwa sababu sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, umeitoboa wewe, mpira wa oili wa turbo umeuchagua wewe, na huenda hata pampu imetoka kwenye injini nyingine. Kwa hiyo kila swali hapa linaanzia kwenye kupima. Kufungua kunakuja baadaye.

Taa ya oili imewaka nikiwa barabarani. Nijikongoje hadi nyumbani?

Hapana. Sogea pembeni, zima injini sasa hivi, na usiiwashe tena mpaka ujue kilichotokea. Ule ushauri wa kuiacha injini ya turbo ingurume dakika moja mbili ipoe kabla ya kuzima ni mzuri siku nyingine zote, ila siku hii hauna kazi. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoitenganisha shafti yake na beringi ni utando wa oili tu. Beringi za konrodi nazo ni hivyo hivyo.

Kumbuka pia kwamba swichi nyingi za taa huwaka presha ikiwa imeshafika kati ya bar 0.3 na 0.5. Taa ikiwaka ukiwa kwenye RPM 4000, yaani mizunguko 4000 ya injini kwa dakika, injini ilikuwa na njaa kabla taa haijasema. Ndiyo maana gari la turbo lisilo na geji ya namba silihesabu kuwa limekamilika, hata liwe limepakwa rangi vizuri namna gani.

Ukiwa hapo pembeni, chungulia chini ya gari kama kuna oili inayomwagika, subiri dakika kadhaa, kisha chomoa dipstiki. Kiwango kikiwa chini ya alama na hujasikia mlio wa chuma, bahati iko upande wako. Kikiwa sawa, tafuta gari la kukuvuta.

Presha inayotosha ni ngapi?

Namba ya kwanza kuifuata ni ya aliyetengeneza injini yako. Ukiikosa, mafundi wengi wa injini za mbio hutumia kipimo cha psi 10 kwa kila RPM 1000, yaani karibu bar 0.7, oili ikiwa moto. Kwa hesabu hiyo RPM 6000 inataka kama bar 4. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, bar 1 oili ikiwa moto ni sawa kwa injini nyingi, na zipo za kiwandani zinazoruhusiwa kushuka chini ya hapo.

Neno la kushika hapa ni moto. Asubuhi injini ikiwa baridi hata iliyochoka inaweza kuonyesha bar 4, na mwenye gari akafurahi. Pima oili ikiwa kati ya digrii 90 na 110 za Selsiasi. Halijoto ya maji haitoshi kukuongoza, maana maji hupata moto mapema na oili huchelewa. Kama huna geji ya joto la oili, endesha dakika 20 hivi kabla ya kuamini namba yoyote.

Si pampu ndiyo inayotengeneza presha?

Pampu inasukuma ujazo. Kila mzunguko inabeba kiasi kile kile cha oili na kukisukuma mbele. Presha inazaliwa kwa sababu oili hiyo inabanwa kwenye nafasi nyembamba za beringi, tapeti, kamishafti na turbo. Nafasi zikipanuka, oili inapita kirahisi, na mshale unashuka ingawa pampu ni mpya kabisa.

Na nafasi hizo zina ukali ambao wengi hawautegemei. Oili inayopita kwenye beringi huongezeka kwa nafasi ikizidishwa yenyewe mara tatu. Chukua beringi yenye nafasi ya milimita 0.05. Ikilika hadi 0.063, tofauti ambayo kwa jicho huioni na kwa kidole huihisi, oili inayovuja hapo inakaribia kuwa maradufu. Ikifika 0.10 imekuwa mara nane. Ukilielewa hili, hutashangaa tena kumwona mtu amebadilisha pampu mbili na presha haijapanda.

Kwa hiyo presha ikiwa chini uliza mambo matatu: oili inafika kwenye pampu? Pampu inaisukuma? Na ikishasukumwa inapotelea wapi?

Nitajuaje kama geji ndiyo inayosema uongo?

Anza hapa, kila mara. Tafuta geji ya kimekanika, ile yenye mrija unaopeleka oili au presha moja kwa moja hadi kwenye uso wa geji, toa swichi au sensa iliyopo, ifunge hapo hapo, kisha linganisha. Ni kazi ya nusu saa, na imeokoa injini nyingi zilizokuwa zinakaribia kushushwa bila sababu.

Kwenye magari ya kujijengea uongo wa geji una vyanzo vyake. Cha kwanza ni thredi tepu. Sensa nyingi zenye waya mmoja hupata ethi, yaani njia ya kurudishia umeme, kupitia thredi zake. Ukizizungushia tepu nyingi umeikata ethi, na geji itaonyesha namba za kubahatisha. Cha pili ni thredi zenyewe. Injini nyingi za Japani hutumia kipimo cha thredi cha BSPT ya 1/8 yenye thredi 28 kwa inchi, na sensa nyingi za kununua pembeni ni NPT ya 1/8 yenye thredi 27. Zinashikana mizunguko michache, zinakaza, unadhani zimekubali. Baadaye zinavuja, au tundu la kwenye bloki linapasuka.

Cha tatu ni mahali ulipochukulia presha. Ukiweka T moja kwenye tundu la swichi, upande mmoja sensa na upande wa pili mpira wa kulisha turbo, oili inayokimbilia turbo inapita kwenye tundu lile jembamba na kupoteza presha kabla sensa haijaisoma. Geji itaonyesha pungufu kuliko iliyomo kwenye njia kuu. Chukua mlisho wa turbo sehemu moja na sensa sehemu nyingine.

Tukiwa hapo kwenye T: usiining'inize sensa nzito kwenye fitingi nyembamba iliyosimama nje ya bloki. Mtetemo wa injini huikata shingoni, na oili yote inamwagika ndani ya muda mfupi. Ihamishie kwenye bodi kwa mpira mfupi, ukiipa waya wake wa ethi.

Geji ya kimekanika nayo inasema presha ni ndogo. Nianzie wapi?

Chukua karatasi. Andika presha injini ikiwa baridi sailensi, baridi kwenye RPM 2000, kisha moto sailensi, na moto kwenye 1000, 2000, 3000 na 4000. Ukiona hali ya hatari, koma hapo hapo. Usipime namba moja ukakimbilia spana. Ugonjwa unajionyesha kwa jinsi namba zinavyopanda na kushuka.

Presha ikiwa ndogo baridi na ndogo moto, kwenye RPM zote, kuna mlango mkubwa umeachwa wazi au pampu haifanyi kazi yake. Shuku valvu ya kuachia presha iliyokwama wazi, kizibo cha njia ya oili kilichosahaulika, au gia za pampu zilizolika.

Ikiwa nzuri baridi, kisha inashuka taratibu kadiri oili inavyopata moto, na ukikanyaga inapanda lakini haifiki inakotakiwa, hapo fikiria nafasi za beringi, oili nyepesi mno, oili iliyochanganyika na petroli, au oili iliyozidi joto. Oili ikipanda kutoka digrii 100 hadi 130 mnato wake hupungua karibu nusu, na gari la turbo lisilo na kipoza oili linafika huko bila shida ukilibana kwa muda mrefu.

Ikiwa nzuri sailensi, nzuri kwenye 3000, kisha inaanguka unapozidi kupanda, hilo ni tatizo la kunyonya. Oili haifiki kwenye pampu kwa kasi inayohitajika. Chujio la sampo limeziba, bomba la kunyonyea limebanwa au linavuta hewa, sampo imebonyea ikaligusa chujio, au oili yote imepanda juu kwenye hedi na haijawahi kurudi. Injini ya RB26 ya Nissan inajulikana sana kwa hili la mwisho: kwenye RPM za juu oili hujaa kwenye hedi, sampo inabaki tupu, na ndiyo maana wanaoijenga hupunguza oili inayopanda na kuongeza njia za kurudi.

Ikipanda hadi namba fulani, tuseme bar 3, na kugoma hapo hapo hata ukiongeza RPM, tazama springi ya valvu ya kuachia presha. Imechoka au imefupishwa.

Mshale ukicheza cheza, unaruka na kushuka bila mpangilio, ama ni waya wa sensa, ama pampu inameza povu. Geji ya kimekanika inamaliza ubishi huo.

Turbo yenyewe inaweza kunishushia presha?

Inaweza, kidogo. Turbo ni uvujaji mmoja zaidi ambao injini ya asili haikuwa nao. Turbo za beringi za kawaida zinahitaji oili nyingi kiasi na mara nyingi hazihitaji kizuizi. Za beringi za gololi zinahitaji kidogo sana, na nyingi hufungwa kizuizi chenye tundu la karibu milimita 1. Ukiifunga turbo ya gololi kwa mpira mpana bila kizuizi, unapoteza presha sailensi na turbo itaanza kutupa oili kwenye egzosi. Ukiiwekea turbo ya kawaida kile kizuizi cha milimita 1, presha ya injini itapendeza na turbo itakufa. Jua ya kwako ni ipi.

Mpira wa kurudishia oili haushushi presha ukibanwa. Unaleta moshi na oili kwenye mabomba ya hewa. Ila mahali ulipotoboa sampo pana maana. Oili inayotoka kwenye turbo inatoka kama povu. Ukiimwagia pembeni kabisa mwa chujio la kunyonyea, pampu inameza hewa. Toboa juu ya kiwango cha oili, mbali na chujio, na mpira ushuke moja kwa moja bila tumbo lolote katikati.

Kuna wanaoshauri uuminye mpira wa kulisha turbo injini ikiwa inawaka ili uone kama presha itapanda. Usifanye hivyo. Hata sailensi turbo inazunguka.

Kama umeongeza bamba la kipoza oili kati ya bloki na filta, kagua mambo mawili: je, boliti ya katikati imekaa sawa, na je, oringi ya filta ya zamani ilibaki imeganda kwenye bloki ukafunga mpya juu yake? Gasketi mbili zikikutana, oili inapita ilikotaka.

Injini nimetoka kuifunga upya. Starta inazunguka na presha ni sifuri. Nimekosea nini?

Huenda bado hujakosea. Pampu kavu haiwezi kunyonya, maana nafasi zake zinahitaji oili ndipo zizibe. Kabla ya kufunga pampu, ijaze gia zake mafuta ya mgando au mafuta ya kufungia injini. Jaza oili ndani ya filta kama imekaa wima. Mimina oili kwenye tundu la kulisha turbo huku ukiizungusha kwa kidole. Kisha toa plagi zote, kata umeme wa pampu ya petroli na wa kuchoma, zungusha kwa starta vipindi vya sekunde kumi mpaka mshale uinuke. Plagi zikiwa nje, injini haina mzigo na beringi hazibanwi.

Vipindi vinne vitano vikipita bila mshale kuinuka, acha. Fikiria ulichofungua na kama ulikirudisha. Bloki ikienda kwenye karakana ya mashine kuoshwa, vile vizibo vidogo vya njia za oili hutolewa. Kimoja kisiporudi, hasa kilichojificha nyuma ya kava la mbele au nyuma ya flaiwili, oili yote inarudi kwenye sampo kimya kimya bila tone kuonekana nje.

Kingine ni vinyunyizio vya chini ya pistoni. Injini za Toyota za 2JZ-GTE na 3S-GTE zinavyo, kazi yake kuzipoza pistoni kwa oili. Ukivitoa kwa sababu konrodi au pistoni mpya zinavigonga na usizibe matundu yake, umeweka mabomba wazi kwenye njia kuu. Na kwenye injini ya 4G63 ya Mitsubishi, wanaotoa shafti za kusawazisha mtetemo ni lazima wazigeuze beringi zake ili matundu ya oili yazibwe. Asiyejua hilo hutafuta presha wiki nzima.

Presha ilikuwa nzuri, ikaanguka baada ya kilomita chache, na nikipumzika inarudi. Kwa nini?

Hili ninalijua kwa macho yangu. Nilikuwa nimechomelea fitingi ya kurudishia oili ya turbo kwenye sampo, nikaisafisha, nikaifunga kwa silikoni ya kijivu. Siku ya kwanza presha ilikuwa ya kuridhisha. Siku ya tatu, nikipanda mlima, mshale ukateremka kutoka bar 4 hadi 1.5 mguu ukiwa bado umekanyaga. Nikazima. Baada ya robo saa nikawasha, presha imerudi kama vile hakuna kilichotokea, na dakika kumi baadaye ikaanguka tena.

Niliposhusha sampo niliona chujio la kunyonyea limevaa shela. Nyuzi za silikoni, laini, zenye unene wa njiti ya kiberiti, zilikuwa zimelala juu ya wavu na kuufunika zaidi ya nusu. Injini ikinyonya zinabana. Ikizimwa zinalegea na kuelea. Katikati yake palikuwa na punje tatu za chuma cha kuchomelea, nyeusi, za duara, ngumu kama mbegu. Zilikuwa zimejificha nyuma ya bamba la kuzuia oili isiyumbe, ambako brashi yangu haikufika.

Tangu siku hiyo, sampo iliyochomelewa naiosha mara mbili, naigonga kwa nyundo ya mpira ikiwa imeinamishwa, kisha napitisha sumaku kila pembe. Na silikoni naipaka uzi mwembamba wa milimita 2 au 3, naiacha ianze kushika kabla ya kubana. Ile inayofinyika nje unaiona na kuifuta. Nyingine kama hiyo imefinyika ndani, na huioni.

Ukiwa umeshashusha sampo, tazama na oringi au gasketi ya bomba la kunyonyea. Ikiwa imekatika au imekauka, pampu inavuta hewa badala ya oili, na nje havuji hata tone kwa kuwa hapo ni upande wa kunyonya. Pima pia nafasi kati ya chujio na sakafu ya sampo kwa kubandika udongo laini juu ya chujio na kuifunga sampo kwa muda. Milimita 6 hadi 10 ni nafasi ya kawaida kwa wajenzi wengi.

Naweza kuweka oili nzito zaidi mshale upande?

Mshale utapanda, ni kweli. Ukitoka 5W-30 kwenda 10W-40 utaona tofauti sailensi ikiwa moto. Swali ni kwa nini unaiweka. Kama umeijenga injini kwa nafasi pana za makusudi kwa ajili ya nguvu kubwa, oili nzito ni sehemu ya mpango na ulipaswa kuiweka tangu mwanzo. Kama presha imeshuka yenyewe ndani ya mwezi mmoja, oili nzito inakuzibia macho huku beringi ikiendelea kulika. Tena oili nzito kwenye nafasi finyu inapita kidogo, na oili inayopita ndiyo inayobeba joto la beringi.

Zile dawa za chupa za kuongeza presha jibu lake ni hilo hilo, na fupi zaidi: usiweke.

Oili yangu inanuka petroli. Ndicho chanzo?

Inawezekana kabisa, na kwenye injini ya turbo iliyofanyiwa tyuning nyumbani ni jambo la kulishuku mapema. Petroli ikizidi kwenye mchanganyiko, huosha kuta za silinda na kuteremka kwenye sampo. Nozeli inayovuja injini ikiwa imezimwa hufanya hivyo hivyo. Dalili yake ni kiwango kwenye dipstiki kupanda badala ya kushuka, na oili kuteleza vidoleni kama maji. Mwaga oili, weka mpya, pima presha upya. Ikirudi palepale pa zamani, beringi zako huenda ni nzima na kazi yako iko kwenye mfumo wa petroli. Usiendelee kuendesha na oili ya namna hiyo. Utando wake hauwezi kubeba konrodi inayosukumwa na turbo.

Oili ikiwa na rangi ya maziwa, ni maji. Hapo tafuta gasketi ya hedi au kipoza oili kilichotoboka ndani.

Presha inaanguka kwenye kona na nikifunga breki tu.

Oili inakimbilia upande mmoja na chujio linabaki hewani. Hakikisha kwanza kiwango kiko kwenye alama ya juu. Kisha ni kazi ya mabamba ya ndani ya sampo yenye milango inayofunguka upande mmoja, au sampo yenye mbawa, yaani iliyopanuliwa pembeni. Usitatue kwa kujaza oili kupita kiasi: krankishafti ikianza kuipiga inageuka povu, na umerudi kwenye tatizo lile lile kwa mlango mwingine.

Nitajuaje kama ni beringi bila kushusha injini?

Kata filta. Tumia kikata filta au msumeno ukiwa mwangalifu, maana unga wa msumeno utakudanganya. Toa karatasi yake, ikunjue, ikamue, iangalie juani. Unga wa kijivu unaong'aa ni tabaka la juu la beringi. Vipande vya rangi ya shaba vina maana tabaka la juu limekwisha na umefika ndani. Beringi za alumini, ambazo ni nyingi kwenye magari ya kisasa, hazitakuonyesha shaba, kwa hiyo kukosa shaba kusikutulize kama vipande vya kung'aa vipo. Vinavyoshikwa na sumaku vimetoka kwenye chuma: pampu, kamishafti, ringi.

Kwenye injini nyingi ukishashusha sampo unaweza kufungua kofia ya beringi ya konrodi moja gari likiwa juu ya stendi. Anza na iliyo mbali zaidi na pampu. Weka uzi wa plastigeji, ule uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi, rudisha kofia upande wake ule ule, kaza kwa toki (nguvu ya kukaza) sahihi bila kuzungusha injini, fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na kipimo cha kwenye karatasi yake. Kwa beringi ya milimita 50, nafasi ya 0.05 ni ya kawaida. Ukikuta 0.08 na zaidi kwenye beringi iliyofungwa majuzi, krankishafti inatoka. Kuweka beringi mpya juu ya krankishafti iliyochunika ni kupoteza beringi.

Nikiongeza springi kwenye valvu ya kuachia presha?

Springi ngumu inainua kiwango cha juu tu. Sailensi valvu hiyo imefungwa tayari, haina cha kuongeza. Kama tatizo lako liko sailensi, umegusa mahali pasipohusika, na asubuhi ya baridi filta yako inaweza kuvimba kwa presha iliyokosa pa kutokea.

Nimepata chanzo na kukirekebisha. Turbo niifanyeje?

Toa bomba la hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Mchezo kidogo wa kushoto kulia ni kawaida kwa turbo za beringi za kawaida zikiwa kavu. Mchezo wa kuingia na kutoka unaousikia kwa vidole, au mabawa yenye alama za kukwaruza nyumba yake, ni turbo iliyokwisha. Ikiwa nzima, ondoa mpira wa kulisha, usafishe na kizuizi chake, kwa sababu kile kitundu cha milimita 1 ndicho cha kwanza kuziba baada ya beringi kumwaga unga. Kipoza oili kilichopitiwa na vipande vya beringi mimi sikiamini tena. Hakisafishiki hadi ndani.

Weka oili mpya na filta mpya, pandisha presha kwa starta kabla ya kuwasha, na uandike upya ile karatasi ya namba moto na baridi. Endesha kilomita 100 bila kuibana turbo, kisha kata filta ile mpya nayo. Karatasi yake ikiwa safi, funga nyingine, na karatasi ya namba ibandike ndani ya boneti.